Mzima na Mashine Iliyonyamaza

Mtaani walimwita Mzima, na mgeni akilisikia jina hilo alidhani wanamsifu kwa afya. Afya alikuwa nayo, tena ya kumtosha mtu wa umri wake, lakini jina halikutoka huko. Lilitoka kwenye kuzima. Mzima alizima taa. Alizima feni, redio, pasi, na hata televisheni ambayo watu walikuwa wameikodolea macho. Akitaka kutoka chumbani, kidole chake kilifika kwenye swichi kabla mguu haujafika mlangoni, na akitoka kwa jirani aliyekwenda kumjulia hali, jirani alibaki gizani akipapasa ukuta.

"Shikamoo, Mzee Mzima!" vijana walimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara. "Umezima?"

"Marahaba. Nimezima. Na nyinyi hiyo taa ya barazani asubuhi yote hii, mnalimulikia jua lisijikwae?"

Walicheka, naye akacheka. Hakuwaeleza habari za kandili. Alikuwa amelelewa na mama peke yake katika chumba kimoja chenye kandili moja, na kandili ile ilimfuata mtu mwenye shughuli. Ikienda uani na mama, watoto walibaki gizani wakisikiliza nyayo zake. Ikirudi, nyuso zao zilirudi pamoja nayo. Basi Mzima alikua akiamini kwamba mwanga ni wa mtu aliye chini yake, na chumba kitupu chenye taa inayowaka kilimtia simanzi, kama kuona sahani imepakuliwa na mlaji hayupo. Watu walidhani ni ubahili. Haukuwa ubahili hata kidogo.

Tatizo ni kwamba hakuwa na subira ya kuhakikisha kama mtu yupo au hayupo. Alisikiliza tu. Akisikia kimya, alizima. Mkewe, tangu wakiwa maharusi wa juzi, alishazimiwa taa akiwa bafuni ana povu machoni, akiwa stoo na mikono yote miwili ndani ya pipa la unga, akiwa amepiga magoti anatafuta pete chini ya kitanda. Nyumba ile ikajitungia neno lake. Mtu akiwa ndani ya chumba ametulia, akasikia kandambili za Mzima zinakuja, alipaza sauti haraka:

"Nipo!"

Na kidole kilisimama hewani. Mkewe aliapa kwamba binti yao, mtoto wao wa pekee, alisema "nipo" kabla ya kujua kusema "baba".

Sasa binti huyo alikuwa anaolewa, Jumamosi ya wiki hiyo.

Kazi ya Mzima ilikuwa kutarizi. Chumba cha mbele cha nyumba, chenye mlango unaofunguka barabarani, ndicho kilikuwa kiwanda chake: meza ndefu, rafu ya nyuzi iliyopangwa kutoka rangi kali hadi rangi pole, na mashine ya kutarizi yenye sindano moja, iliyounganishwa kwa waya na kompyuta. Mchoro ulikaa kwenye kompyuta. Kompyuta iliupeleka kwa mashine kidogokidogo, na sindano ikashona. Rangi moja ikiisha, mashine ilisimama yenyewe ikasubiri mtu atoe uzi wa zamani, atie mpya, abonyeze kitufe, iendelee.

Kompyuta ya zamani ilikuwa imekufa miezi michache nyuma, na hii mpya ilikuwa bado inang'aa. Tangu ifike, Mzima alikuwa ameitumia kwa kazi za shule tu, nembo za kifuani zenye rangi moja, mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Mashine iliimba vizuri. Hakuna aliyekuwa na neno nayo.

Kisha mkewe akatoa shela.

Ilikuwa shela yake mwenyewe ya harusi, hariri laini ambayo maduka yalishaacha kuiuza, nyepesi kiasi kwamba ukiitupa juu ilifikiria kwanza kabla ya kushuka. Aliihifadhi miaka yote ndani ya sanduku chini ya kitanda, ikiwa imefungwa kwenye shuka kuukuu. Aliitandaza juu ya meza ya kiwanda, akaipigapiga kama anayembembeleza mtoto.

"Mtarizie mwanao," alisema. "Upindo wote. Majani, kama yale uliyowahi kuniahidi mimi ukaingia mitini."

"Wakati ule sikuwa na mashine, Bibie."

"Na mdomo ulikuwa nao."

Mzima alichora majani usiku na mchana kichwani mwake, kisha akayachora kwenye kompyuta. Aliyataka meupe juu ya nyeupe, maana kwake yeye weupe haukuwa rangi moja. Kulikuwa na weupe wa maziwa, wa chumvi, wa pamba, wa jino la mtoto. Kila jani lingepita kutoka huu kwenda ule mpaka mwishoni lichovye ncha katika dhahabu nyepesi. Weupe wa namna hiyo hauchaguliwi chini ya taa. Ndiyo maana alikuwa na mazoea ambayo hakuna aliyeweza kumwachisha: kila alipotaka kubadili uzi, alichukua kigurudumu cha uzi mpya, akaenda nacho mlangoni, akakishika juani, akakigeuza, akakisogeza mbali na jicho na kukirudisha karibu. Akiridhika, alirudi. Asiporidhika, alikwenda kuchukua kingine.

Alijaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa cha ovyo. Weupe wa maziwa ukashonwa vizuri. Mashine ikasimama, ikasubiri. Mzima akaenda mlangoni na weupe wa chumvi, akasalimiana na mpita njia mmoja, akarudi, akatia uzi, akabonyeza. Mashine ilitoa mlio mmoja mfupi, kama mtu aliyekanyagwa kidole, na kioo chake kidogo kikaandika kwamba hakioni kompyuta.

Aliizima, akaiwasha. Ilianza mchoro upya kutoka mwanzo, na haikulipata tena jani lake la kwanza: ilishona jingine pembeni yake, limepishana kwa unene wa uzi, kama jani linavyoonekana na mlevi. Akajaribu tena. Ikakwama palepale. Akajaribu mara ya tatu, ikashona rangi mbili, kisha mlio.

Kitambaa cha ovyo unaweza kukitupa. Shela ile ilikuwa moja duniani, na hariri ikishatobolewa na sindano haisahau. Ukifumua nyuzi, matundu yanabaki yakikuangalia.

Akamwita Fundi Kebo.

Fundi Kebo alitengeneza kompyuta za mtaa mzima, alikuwa na kofia ya manyoya aliyoivaa hata joto la kuchemsha ubongo, na kila ugonjwa aliupa jina moja. Aliingia, akainama, akagusa waya unaotoka kwenye kompyuta, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Ni kebo."

"Hujaangalia hata kioo," alisema mke wa Mzima, aliyekuwa mlangoni.

"Mama, kebo unaijua kwa kuigusa. Hii imechoka."

Aliibadilisha. Mashine ikakwama. Alileta nyingine, nene na fupi, akasema hii ni ya kiume, ikikataa atavua kofia. Mzima akaenda mlangoni na uzi wake, akarudi, akabonyeza. Mlio. Fundi Kebo alivua kofia, na wote wakaona kwa mara ya kwanza kwamba hana nywele.

"Basi itakuwa mashine yenyewe, mzee. Ubao wake wa ndani. Huo mpaka uagizwe, na kwa Jumamosi haufiki."

Mzima alikaa kwenye kiti. Aliitazama shela iliyokunjwa juu ya rafu. Alikuwa ametarizia mabinti wa karibu kila nyumba ya mtaa ule, amewasindikiza kwa uzi hadi milangoni mwa waume zao, na wa kwake ndiye angeondoka na upindo mtupu. Wazo hilo lilikaa naye kama mgeni asiyeaga.

Binti alirudi kutoka kazini jioni, jua likiwa bado limo mlangoni. Alimkuta baba yake ameshika tama.

"Baba, niachie mimi nijaribu."

"Wewe ni bi harusi, mama. Nenda ukapumzike."

"Nikapumzike na nini, nimekuwa bibi? Sogea."

Alikuwa amekulia chini ya meza ile, nyuzi zikimwangukia kichwani. Alitandaza kitambaa kingine cha ovyo, akawasha. Rangi ya kwanza ikaisha. Akakata uzi, akatia mwingine kwa jicho la ujana, akabonyeza. Mashine ikaendelea. Ya pili, ya tatu, ya nne. Jani zima likatokea, na ncha yake.

Mzima alisimama akiwa ameachama.

"Inakuchukia, baba," binti alisema, akicheka hadi mabega yakatikisika. "Imekuona mzee."

"Haina adabu. Rudia tena."

Akarudia, ikamkubali tena. Mama mtu akaja kushuhudia, akapiga makofi. "Basi bi harusi ashone mwenyewe! Na wewe Mzima ukaolewe!"

Mzima alicheka kwa mdomo tu. Angekubali, kama hakuna jinsi. Lakini majani yale yalikuwa maneno aliyoshindwa kuyasema kwa miaka yote, na mtu hamwambii mwanawe ajisomee mwenyewe. Alisema, kwa sauti ndogo, "Sawa. Wewe shona, mimi nitachagua rangi. Walau hilo."

Wakaanza jaribio moja la mwisho kabla ya kuigusa hariri. Weupe wa maziwa ukaisha. Binti akanyoosha mkono apewe uzi.

"Ngoja," alisema Mzima. Akaenda mlangoni na kigurudumu, akakishika juani. Hakukipenda. Akarudi kwenye rafu, akachukua kingine, akaenda nacho mlangoni. Nyuma yake binti alisubiri, mashine ilisubiri. Hatimaye akaridhika, akampa. Binti akatia uzi, akabonyeza.

Mlio.

"Umeniambukiza!" binti alilia, akiinua mikono kutoka kwenye mashine kana kwamba imemuunguza. Kisha akaweka kidole mdomoni. "Baba. Haikatai mkono wako. Mimi huwa natia uzi na kubonyeza papo hapo. Wewe unakwenda kupiga soga na jua. Inakataa kusubirishwa."

"Mashine itachokaje kusubiri? Imekaa, haijabeba kitu."

Mzima alikwenda ndani kunywa maji, kichwa kimemjaa. Mashine isiyotaka kusubiri! Alipita mlango wa stoo. Ulikuwa wazi kidogo, taa inawaka, kimya kimetawala. Kidole chake kikafanya kazi yake bila kumuuliza.

Ndani ya stoo kitu kilianguka, kikabiringika, kikapasuka.

"Nipo! Nipo, Mzima, nipo! Miaka yote hii, nipo!"

"Samahani, Bibie!" Akawasha haraka. Mkewe alikuwa juu ya kigoda, ameshikilia rafu kama mtu aliye juu ya mnazi.

"Mtu akikaa kimya kwako ameshakufa? Natafuta glasi za wageni, nifanye kelele gani? Nipige ngoma?"

"Nilisikia kimya, nikadhani..."

Hakumaliza. Alibaki mkono kwenye swichi, mdomo wazi, na mkewe alimtazama kwa wasiwasi akidhani maneno yamemchoma sana.

"Bibie," alisema polepole, "mashine ipo. Inasubiri uzi, imekaa kimya, haisemi kitu. Na kompyuta inasikia kimya. Inadhani hakuna mtu."

"Ndiyo nini sasa?"

"Inaizimia!"

Akatoka mbio na kandambili moja, nyingine imebaki mlangoni mwa stoo.

Maana alikuwa ameikumbuka siku kompyuta ilipofika. Wengine, wakipata kompyuta mpya, hutafuta picha na muziki. Mzima alikuwa ametafuta mahali pa kubana umeme. Alipapata, akafurahi kama aliyekutana na ndugu. Kulikuwa na mpangilio wa matumizi ya umeme, akachagua ule wa kubana kuliko yote. Akaendelea kuchimba mpaka kwenye orodha ya vifaa, na huko ndani, penye yale matundu ya kuchomekea waya, akakuta maneno yaliyomgusa moyo: Ruhusu kompyuta izime kifaa hiki ili kuokoa umeme. Yalikuwa na alama ya vema tayari. Akapita kwenye kila tundu, akahakikisha kila moja lina alama yake. Jioni ile alimwambia mkewe kwamba hatimaye amepata mtu wa nyumba hii anayemwelewa.

Sasa alifungua palepale, binti akiinama begani mwake.

"Nani aliruhusu hivi?" binti aliuliza.

"Mimi."

"Baba!"

"Iliniomba kwa adabu! Imeandika 'ruhusu'. Ningeinyimaje?"

Mama mtu alikuwa amefika, kandambili ya mumewe mkononi. Alisoma kwenye kioo, midomo ikisogea, kisha akakaa chini kwenye sakafu kabisa, akacheka machozi yakamtoka. "Umeifundisha," alisema kila alipopata pumzi. "Ameifundisha kompyuta kuwa yeye! Maskini mashine, tungejua tungeifundisha kusema nipo!"

Waliondoa alama ya vema kwenye matundu yote. Mashine ikavumilia zaidi, ikapita rangi mbili, halafu mlio tena. Binti akampigia simu Fundi Kebo, akaiweka kwenye spika, akamweleza.

"Kuna mahali pengine," Fundi Kebo alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilijua jambo hilo siku zote na kulisahau kwa sababu ya kebo. "Huo mpangilio wenyewe wa umeme. Ingia ndani yake, kwenye mipangilio ya undani, utaona habari za USB, kuyapumzisha matundu yasiyo na shughuli. Kataza. Na usiiache kompyuta ilale yenyewe kazi ikiendelea. Kisha iwashe upya."

"Kwa hiyo si kebo?" mama mtu aliuliza kwa sauti ili asikike.

"Leo, mama, si kebo."

"Mtaa mzima utaambiwa!"

Walifanya alivyosema. Mzima mwenyewe ndiye aliyeshika kipanya, kwa heshima kidogo, kama mtu anayefuta ahadi. Kukataza kuokoa umeme! Alipofika kwenye kioo cha kompyuta, ambacho nacho kilikuwa na ruhusa ya kuzimika kisipotazamwa, alisita.

"Hiki kiache kilale," alisema. "Hiki kweli hakina kazi."

"Haya, baba. Hiki tumekuachia."

Kisha wakajaribu. Weupe wa maziwa ukaisha. Mashine ikasimama. Mzima akachukua uzi, akaenda mlangoni. Hakuharakisha. Alisimama pale kwa makusudi, jua la mwisho likimpiga usoni, akasalimiana na vijana, akaulizwa kama amezima, akasema leo kuna alivyowasha. Akarudi na miguu mizito. Akatia uzi mwenyewe. Macho yalimsumbua, uzi ukakosa tundu, akalamba ncha, akajaribu tena, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akabonyeza.

Sindano ikashuka. Ikapanda. Ikashuka.

Walipiga yowe watatu kwa pamoja, jirani akachungulia kujua nani kafa. Mama mtu aliikumbatia mashine kabla ya kumkumbatia mumewe.

Shela ilichukua siku zilizobaki, mchana tu, kwa sababu ya jua. Mzima hakuiacha. Mashine ilisubiri kila alipokwenda mlangoni, na kila aliporudi aliikuta macho, taa yake ndogo ya kijani inawaka. Mara nyingine alikaa nayo dakika kadhaa bila kubonyeza, akiutazama ule mwanga mdogo juu ya kimya kile, na aliwaza vitu ambavyo hakuwahi kuviwaza kuhusu mama yake na kandili: kwamba pengine naye, alipokuwa uani, alijua wamo mle gizani ingawa hawakutoa sauti. Bila shaka alijua. Ndiyo maana alikuwa akirudi.

Majani yalizunguka upindo wote. Ukiitazama shela ikiwa mezani, uliona nyeupe tu. Ukiisogeza kwenye jua, bustani nzima ilitoka.

Asubuhi ya Jumamosi nyumba ilikuwa soko. Mashangazi waligombania kioo, kiatu kimoja kilipotea kikapatikana ndani ya beseni, mtu fulani alikuwa akilia kwa sababu nyusi hazilingani. Hatimaye magari yakapiga honi, wakatoka kwa vigelegele, wakajipakia. Mzima, kama kawaida yake, alirudi ndani.

"Baba watoto, njoo bwana!" mkewe aliita kutoka garini. "Leo acha hizo taa!"

Hakusikia, au alisikia. Alizima ukumbini. Alizima jikoni, alizima bafuni na stoo. Mlango wa chumba cha binti ulikuwa umeegeshwa, taa inawaka, kimya. Alikitazama kimya kile. Alijua kwamba kuanzia leo kitakuwa kimya cha kweli. Akanyoosha kidole.

"Nipo," alisema binti, polepole.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, peke yake, amewatoroka mashangazi. Jua la dirishani lilikuwa limeingia kwenye shela, na majani yote yalikuwa yamechanua kumzunguka.

Mzima alishusha mkono. Alitaka kusema jambo la maana, la baba siku ya harusi, na lilikataa kutoka. "Ule weupe wa chumvi," alisema, "hapo begani. Umekubali."

"Umekubali sana, baba." Alimshika mkono. "Haya, twende. Zima sasa. Hakuna mtu tena."

Alitangulia kutoka. Mzima alibaki kidogo, akaitazama taa, akakitazama kitanda kilichotandikwa, na beseni lililoficha kiatu. Kisha akatoka na kuurudishia mlango taratibu.

Garini mkewe alimsogezea nafasi. "Umezima zote?"

"Zote. Isipokuwa ya chumba cha mtoto. Hiyo nimeiacha."

Mashangazi waligeuka. Dereva alimtazama kwenye kioo. Mkewe alimwekea kiganja juu ya paji la uso, kama anayempima homa.

"Mume wangu," alisema, "u mzima kweli?"

"Mzima," alijibu, naye akawa wa kwanza kucheka. "Mzima kabisa. Dereva, twende."